Maswali ya Wasomaji: Kuitetea Taasisi ya Umma Mahakamani

SWALI: Mimi ni wakili kijana katika kampuni binafsi ya uwakili, na nimeitwa kwenye usaili wa kujiunga na idara inayowakilisha taasisi za umma katika mashauri ya madai. Baadhi ya wenzangu wananiambia kuwa huko nitaitumia taaluma yangu kuwazuia raia wasipate haki zao. Naomba unieleze kazi hiyo ilivyo, na wakili afanye nini anapoona kuwa taasisi anayoitetea imekosea.

JIBU: Ndugu wakili, hofu ya wenzako si ya kupuuzwa, lakini inatazama upande mmoja tu. Taasisi ya umma ikishindwa, fedha zinazolipwa ni za walipa kodi, na amri inayotolewa inaweza kubadili namna wanavyohudumiwa watu wengi ambao hawakuwamo kabisa katika shauri. Dai la uongo au lililotiwa chumvi lapaswa kupingwa kwa nguvu zote. Dai la kweli lapaswa kulipwa mapema. Kuyatofautisha hayo mawili ndiko kutakakochukua sehemu kubwa ya muda wako.

Utaletewa mashauri ya ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya barabara, ya wakandarasi wanaodai malipo, ya watumishi walioachishwa kazi, na maombi ya mapitio ya uamuzi wa kumnyima mtu leseni. Mara nyingi siku za kuwasilisha utetezi zitakuwa zinayoyoma huku ofisa aliyefanya uamuzi amekwisha hamishwa na jalada halina barua muhimu. Ndiyo maana wakili hodari wa kazi hii huwahoji mashahidi wake kwa ukali kabla hawajahojiwa na upande wa pili, na hakubali kuwasilisha hati ya kiapo ambayo mwapaji hakuisoma.

Kuhusu taasisi iliyokosea, anza kwa kumtambua mteja wako. Mkurugenzi ndiye atakayekupa maelekezo, lakini mteja ni taasisi yenyewe, na nia ya kiongozi ya kuficha kosa lake si maslahi ya taasisi. Nchini Australia, mwaka 1912, Jaji Mkuu Samuel Griffith aliilaumu Serikali kwa kung'ang'ania pingamizi dogo la kiufundi dhidi ya kampuni moja ya meli. Leo Serikali ya shirikisho ya nchi hiyo inafungwa na maelekezo yanayoitaka iwe mdaawa wa mfano, yaani ilipe madai halali bila kuyachelewesha na isitumie unyonge wa mdai asiyekuwa na uwezo wa kuendesha shauri. Binafsi naona kanuni hiyo ingefaa kufuatwa na kila wakili wa umma, hata pale ambapo sheria haimlazimishi.

Gharama ya kuiacha kanuni hiyo ilionekana Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Japani walipoondolewa makwao na kuwekwa kambini. Katika mashauri ya Hirabayashi mwaka 1943 na Korematsu mwaka 1944, raia wawili wa Marekani wenye asili hiyo waliopinga amri walizowekewa, Serikali ilitetewa na Charles Fahy, aliyekuwa mwakilishi wake mkuu katika Mahakama ya Juu. Ilikuwapo ripoti ya ujasusi wa jeshi la majini iliyoonyesha kuwa waliostahili kushukiwa walikuwa wachache tu, na wakili mmoja wa Wizara ya Sheria alionya kwamba kuinyamazia kungekaribia kuficha ushahidi. Mahakama haikuelezwa, na Serikali ikashinda mashauri yote mawili. Mwezi Mei 2011, Neal Katyal, aliyekuwa akikaimu wadhifa uleule, alikiri hadharani kwamba ofisi hiyo ilikosea.

Kwa hiyo, ukigundua kosa, andika maoni yako ya kisheria waziwazi, eleza gharama za kuendelea na shauri na pendekeza suluhu. Wakikataa, lipeleke suala ngazi ya juu. Unaweza kutetea msimamo usioupenda mradi sheria inauruhusu, lakini huwezi kuidanganya mahakama kwa maelekezo ya mtu yeyote, na ukilazimishwa ni wajibu wako kujitoa katika shauri hilo.

SWALI: Je, nikiingia huko nitaweza kurudi katika uwakili wa kujitegemea?

JIBU: Utaweza, na uzoefu wa kusimama mahakamani mapema, mara nyingi kabla ya wenzako waliobaki katika kampuni kubwa, utakufaa sana. Hata hivyo, shauri ulilolishughulikia ukiwa mtumishi wa umma hutaweza kulichukua kwa niaba ya upande wa pili, na siri ulizozipata utaendelea kufungwa nazo baada ya kuondoka. Kabla ya kusaini mkataba wa ajira, uliza kama upo muda maalumu ambao hutaruhusiwa kufungua mashauri dhidi ya taasisi ulizozitumikia.