Waulizeni Mafundi: Mashine ya vyombo inanguruma, maji haiingizi

SWALI: Mashine yetu ya kuoshea vyombo ikiwashwa tu inaanza kunguruma na hainyamazi. Maji haiingizi, na kioo kinaandika E15. Fundi aliitazama dakika tano akasema bodi imeungua, tununue nyingine. Tufanyeje?
Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam

JIBU: Bodi isubiri. Bodi iliyoungua kwa kawaida haingurumishi pampu wala haiandiki msimbo unaoeleweka, na hiyo yenu inafanya yote mawili. Kwenye mashine za Bosch na Siemens, E15 maana yake maji yamevujia chini. Chini kabisa ya mashine kuna trei, na ndani ya trei kuna boya jepesi. Maji yakituama humo boya hupanda na kubonyeza swichi ndogo. Hapo mashine hufunga maji yanayoingia na kuendesha pampu ya kutolea maji mfululizo ili nyumba isifurike. Huo ndio mngurumo mnaousikia.

Chomoeni plagi, fungeni koki ya maji. Itoeni mashine kabatini, kisha watu wawili waiinamishe kwa nyuma kama nyuzi 45, na matambara yawe yametandikwa tayari, maana maji yatachuruzika. Kama hamna nafasi ya kuinamisha, fungueni bamba la mbele chini ya mlango (skrubu zake mara nyingi ni za bisibisi ya T20) mkamue maji kwa sifongo. Iacheni ikauke nusu siku, au iwekeeni feni. Mkiwasha na E15 ikaondoka, kazi bado: msipojua maji yalitoka wapi, itarudi ndani ya siku chache.

Mshukiwa wa kwanza ni sabuni. Kijiko kimoja tu cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono kinatosha kujaza povu tumboni mwa mashine, na povu hupenya chini ya mlango pale ambapo maji yasingepita. Zoeni povu kwa kikombe, mwageni nusu kikombe cha siki sakafuni mwa mashine, kisha iendesheni programu ya kusuuza peke yake. Wa pili ni raba ya mlango, hasa ule ukingo wa chini ambao hakuna anayeufuta: mafuta na punje za wali hukaa humo mpaka mlango unashindwa kubana. Baada ya hapo angalieni klipu za mipira na maungio ya pampu.

Uvujaji mdogo hauonekani kwa macho, kwa hiyo tandazeni karatasi kavu za gazeti ndani ya trei, endesheni programu fupi dakika kumi bila kugusa kitu chochote chini, chomoeni plagi, ndipo mtazame. Doa la maji litaonyesha mahali. Trei ikiwa kavu na E15 bado ipo, boya limekwama au swichi yake imekufa. Swichi hiyo ni kitu kidogo, si bei ya bodi.

SWALI: Yangu inaanza vizuri, halafu inasimama na kuonyesha alama ya bomba. Tunatumia tangi lililo juu ya bafu.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Pimeni urefu kutoka usawa wa maji kwenye tangi hadi mpira unapoingia kwenye mashine. Kila mita 10 hutoa msukumo wa baa 1, na mashine nyingi zinataka angalau baa 0.5, yaani mita 5. Tangi la juu ya bafu mara nyingi halifiki hapo. Fungueni mpira kwenye koki mjaze ndoo: lita 10 kwa dakika ndicho kipimo kizuri. Maji yakija kwa wingi lakini mashine bado inalalamika, chomoeni kichujio kidogo cha wavu kilicho kwenye mdomo wa valvu (kifaa kinachofungua na kufunga maji yanayoingia kwenye mashine) kwa koleo jembamba; mchanga wa tangi hupenda kukaa hapo. Wavu ukiwa safi, chomoeni plagi mpime koili ya valvu (nyaya zilizozungushwa zinazoifungua kwa umeme) kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme: kilo-ohmu 3 hadi 5 ni nzima, na multimita isiposoma kitu, koili imekatika. Maji yakiwa machache, dawa ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Kubadilisha valvu hakutasaidia.

SWALI: Glasi zinatoka na ukungu mweupe. Nitumie chumvi ya mezani kwenye kile chumba cha chumvi?
Mama wa nyumbani, Dodoma

JIBU: Hapana, mama. Chumvi ya mezani ni laini mno, hushikana na kuziba. Chumvi ya mawe ya sokoni inashawishi zaidi, lakini imetokana na maji ya bahari na inabeba mchanga na magnesiamu, ambayo ndiyo mfumo wa kulainisha maji unaotumia chumvi hiyo unajaribu kuiondoa. Nunua ya mashine za vyombo, chembe kubwa, kisha ongeza kipimo cha ugumu wa maji (wingi wa chokaa na magnesiamu) kwenye mipangilio.

Lakini kabla ya hapo ujue ukungu huo ni nini. Lowesha glasi moja kwa maji safi: ukungu ukiondoka, ni chumvi ya maji yenyewe, kama ya kisima, iliyokaukia pale, na mashine haiwezi kuichuja, pitisha kitambaa glasi zikiwa bado za moto, au unganisha mashine na maji ya mvua yaliyochujwa na yenye msukumo wa kutosha. Usipoondoka, dondosha siki. Ukiyeyuka ni chokaa: weka gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya mashine tupu, programu ya moto, bila sabuni, na kamwe usichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwani hutoa gesi ya sumu. Usipoyeyuka hata kwa siki, kioo chenyewe kimelika, na glasi hizo hazirudi.