Msitu wa mianzi Ulsan: uende mwezi gani?

Dada, umesema unahamia Busan, Korea Kusini, kusoma na unataka kujua uende lini Taehwagang, ile bustani ya kando ya mto yenye msitu wa mianzi pale mji wa Ulsan. Mimi nakwambia Mei, bila kusita, maua ya popi yamejaa kingo za mto na jua bado halijawa kali. Ila kama unapenda ndege kama mimi basi nenda pia Januari, jioni jua likizama simama upande wa mianzi uangalie juu, kunguru weusi kutoka Siberia wanarudi kulala makumi ya maelfu, anga lote linatembea, vaa tu jaketi zito na kofia maana baridi ya mtoni si mchezo. Kiangazi cha huko (Juni hadi Agosti) yangeyange ndo wanaishi humo kwenye mianzi, ila kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai mvua ni nyingi, angalia kwanza hali ya hewa. Oktoba ni maua ya krisanthemumu ya njano.

Kuingia bure, njia ni tambarare hata mtoto wa kigari anapita. Toka Busan panda treni ya Donghae, shuka stesheni ya Taehwagang, halafu chukua basi kwasababu bustani haiko hapo stesheni.