Machela na baridi ya mgongo: kutoka Georgia hadi Maine

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wanaojiandaa kutembea Appalachian Trail, njia ya kilomita 3,500 hivi mashariki mwa Marekani. Wengi huanzia Springer Mountain, Georgia, mwezi Machi au Aprili, wakafika Katahdin, Maine, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Wote wanataka kulala kwenye machela, kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili.

Mfuko wangu wa kulalia ni wa baridi ya hadi nyuzi 7 chini ya sifuri. Mbona mgongo unaganda?

Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia ndani ya manyoya yaliyojazwa kwenye mfuko. Ukiyalalia, uzito wako unaikamua hewa yote, na chini yako upepo unapita bila kizuizi. Ndiyo maana watu wengi huhisi baridi mgongoni hata usiku wa nyuzi 20. Unahitaji mfarishi wa chini, unaoning'inia nje ya machela na kukugusa bila kulaliwa. Fedha zikiwa chache, anza na huo. Juu unaweza kujazia kwa nguo. Chini nguo nazo zitakandamizwa vilevile.

Mfarishi mmoja utatosha safari nzima?

Utatosha, ila Julai utaubeba bure na kutokwa jasho. Tunapendelea miwili. Wa kwanza uwe wa nyuzi 7 chini ya sifuri, urefu wa mwili mzima, kwa sababu milima ya Great Smoky Mountains, utakayoivuka mapema, hupata theluji hata Aprili. Wa pili uwe wa nyuzi 5 hivi juu ya sifuri, mfupi, wa mabega hadi magotini. Miguuni utaweka kipande cha sponji.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Mtu akifika mji wa Damascus, Virginia, akaona maua, anaurudisha mfarishi mzito nyumbani kwa posta. Mbele yake bado kuna nyanda za Grayson Highlands, zilizo juu kiasi cha mita 1,500, na usiku wake ni mkali. Subiri hadi Pearisburg, mji ulio mbele zaidi. Kisha uletewe tena mfarishi huo kwa posta Hanover, New Hampshire, kabla hujapanda milima ya White Mountains.

Namba ya nyuzi anayoiandika mtengenezaji usiiamini sana. Mifuko ya kulalia ina kipimo cha kimataifa, mifarishi ya chini haina. Jiachie nafasi ya nyuzi 5.

Nimenunua mfarishi mzuri na bado nasikia baridi. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara tatizo ni namna ulivyofungwa. Kwanza funga mikanda ya machela kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, ulale mshazari. Ning'iniza mfarishi, ingia, ulale vile utakavyolala usiku kucha, ndipo urekebishe. Ukirekebisha machela ikiwa tupu umejidanganya. Pitisha mkono chini ya kiuno, kati ya machela na mfarishi. Ukipita bila kugusa chochote, kuna pengo: kaza kamba za mpira sentimita chache kila upande. Mfarishi ukiwa bapa kama shuka, umekaza mno na manyoya yamebanwa: legeza. Mwisho vuta kamba ndogo za ncha mbili mpaka mashimo ya mabegani na miguuni yafunge.

Baridi yenyewe inakuonyesha kosa. Makalio yakiganda, mfarishi unalegea katikati. Mabega yakiganda, mfarishi umeteleza kuelekea miguuni. Mgongo mzima ukipoa taratibu, umekaza mno.

Manyoya ya bata au poliesta?

Manyoya. Wa nyuzi 7 chini ya sifuri una gramu 600 hivi. Wa poliesta hukaribia kilo nzima. Lakini manyoya yakilowa hujikusanya mabonge na joto linaisha, kwa hiyo turubai la kufunika machela kwa juu liwe na urefu wa mita 3.3 au zaidi, lifungwe chini upepo unapovuma. Funga pia uzi mfupi kwenye kila mkanda, chini ya turubai, ili maji yanayotiririka kutoka mtini yadondokee hapo kabla hayajafika kwenye machela.

Kwa nini nisitumie sponji tu, ni rahisi?

Inafaa, hasa machela ikiwa ya tabaka mbili, ukaichomeka katikati isiteleze. Hasara zake ni mbili: upana wa sentimita 50 huacha mabega nje, na haipitishi jasho, hivyo unaamka mgongo umelowa.

Hata hivyo, kipande chepesi ubebe. Ndani ya hifadhi ya Great Smoky Mountains, watembeaji wa safari nzima wanatakiwa kulala kwenye vibanda vya njiani vikiwa na nafasi. Kwenye mbao mfarishi wa chini hausaidii, maana utaulalia.