Daktari Wetu: Chembe nyeupe za baba hazishuki

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 68, alipimwa damu kabla ya upasuaji wa ngiri. Chembe nyeupe zilikuwa 38,000. Amemaliza antibayotiki mara mbili, namba iko palepale. Hana homa, ila ana vivimbe shingoni visivyouma. – Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu. Tazama kwenye karatasi ya majibu ya damu mstari wa limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Bakteria kwa kawaida hupandisha nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe. Zikijaa limfosaiti kwa mzee asiye na homa, mimi nawaza lukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya damu inayokwenda polepole. Antibayotiki ya tatu ya nini?

Ombeni damu itazamwe kwa hadubini. Seli hizi ni legelege, hupondeka kwenye kioo na kuacha madoa. Kinachothibitisha ni flosaitometria, kipimo kinachotambua seli kwa alama zilizo juu yake: limfosaiti B (kundi moja la limfosaiti) zenye alama za CD5, CD19 na CD23 kwa pamoja, zikifika 5,000 kwa mikrolita kwa miezi 3 au zaidi. Kutoboa mfupa kuchukua uboho mara nyingi si lazima. Daktari ampapase pia kwapa, kinena na wengu.

Na msigombane na daktari akisema msubiri bila dawa. Asiyepungukiwa damu, asiyekonda wala kuloa jasho usiku, mara nyingi hufuatiliwa tu.