Damu ya Mjomba Kulwa

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta Mwaloni nikinunua dagaa. Nilipofika nyumbani niliusikiliza tena, na usiku nikausikiliza mara ya tatu. Umesema mwalimu wa darasa la kwanza amekuita: mjukuu wangu hakai kwenye dawati, anadakia maneno ya wenzake, akianza kuandika mstari haumalizi. Ukasema mama mkwe wako aliposikia alijibu neno moja tu, kwamba hiyo ni damu ya kwenu, damu ya yule mjomba. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukauliza: "Mama, ni mimi niliyempa?"

Nimeona nikuandikie. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na kuna habari za mjomba wako Kulwa ambazo sikuwahi kukusimulia.

Unajua kwamba jina langu Shija ni la mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha. Kulwa na Doto walinitangulia miaka mitatu. Walifanana kiasi kwamba bibi alimfunga Kulwa uzi mweusi mkononi ili mama asimnyonyeshe mmoja mara mbili mwingine akakosa. Walicheka sawa, walitembea sawa, wote walikuwa wa mkono wa kushoto. Baba alikuwa mvuvi wa furu na sato, kabla sangara hawajalijaza ziwa, na wote wawili alianza kuwabeba mtumbwini wakiwa na miaka kumi.

Kulwa alipofika miaka 19 alibadilika. Aliacha kuoga. Alikuwa anakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba akijibu sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Akasema wavuvi wenzake wamepanga kumtosa majini, na tangu hapo hakupanda mtumbwi. Nyumbani walisema amerogwa. Alipelekwa kwa mganga mmoja, akapelekwa kwa mwingine, na kuna miezi alifungwa kamba mguuni kwenye nguzo ya zizi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Ilipita miaka miwili kabla baba hajakubali kupanda naye treni hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, na huko ndiko tulikosikia kwa mara ya kwanza kwamba ule ni ugonjwa, na una dawa. Ile miaka miwili bado inaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Na Doto? Doto hakuugua. Alivua, akauza mbao, akalea watoto sita, na mpaka leo akili yake iko kama unavyoijua.

Nilipoingia chuo cha uuguzi nilikwenda na swali hilo moja moyoni. Mapacha wa kufanana namna ile wametoka kwenye yai moja, kwa hiyo vinasaba vyao, yaani chembe zinazobeba urithi, ni vilevile. Kama skizofrenia, ndilo jina la ugonjwa wa Kulwa, ingekuwa kazi ya damu peke yake, Doto naye angeugua. Kama damu haihusiki, Kulwa angekuwa na bahati mbaya kama mtu mwingine yeyote. Majibu yaliyopatikana kwa kufuatilia mapacha wengi hayakuegemea upande wowote kati ya hizo mbili. Katika watu 100 wa kawaida, karibu mmoja hupata ugonjwa huu katika maisha yake. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja anaugua, nafasi yake ni kama moja kati ya kumi. Pacha wa kufanana wa mgonjwa, nafasi hupanda hadi karibu nusu, lakini haifiki nusu. Maana yake damu ina nguvu, tena nyingi, na hata hivyo zaidi ya nusu ya akina Doto wa dunia hii hawaugui.

Usiku mwingi nimekaa nikihesabu nini kilimpata Kulwa ambacho hakikumpata Doto. Akiwa na miaka minne alipata malaria kali, akapigwa degedege, akalala siku mbili bila fahamu. Doto mwaka huo hakuugua. Akiwa na miaka 15 alianza kuvuta bangi mwaloni na vijana waliokuwa wakingojea mitumbwi. Doto alionja akaacha. Huko Uswidi waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970, wakakuta waliokuwa wamevuta bangi sana waliugua skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko wasiovuta. Lakini pia inawezekana Kulwa aliikimbilia bangi kwa sababu jambo lilikwishaanza kumsumbua ndani. Siwezi kukuonyesha kitu kimoja nikasema ndicho hiki. Nilijaribu miaka mingi, nikaacha.

Jambo moja zaidi kuhusu hao wawili, kwa sababu watu huliona vibaya. Danimaki walifuatilia watoto wa mapacha wa kufanana ambao mmoja anaugua na mwenzake ni mzima. Watoto wa yule mzima walikuwa na hatari ileile waliyokuwa nayo watoto wa yule mgonjwa. Kwa hiyo Doto ameibeba mbegu ileile, ila kwake haikuota. Wanaohesabu kwamba ukoo huu ni mzima na ule una wazimu wanahesabu waliougua tu.

Sasa nije kwa mjukuu wangu, huyo mume wangu mdogo.

Kwanza, anachokifanya darasani siyo ugonjwa wa Kulwa. Kulwa alipokuwa darasa la kwanza alikuwa mtoto mtulivu kuliko wote. Kwa mwanao Kulwa ni babu, na kwa wastani vinasaba wanavyoshirikiana ni sehemu moja kati ya nane. Hatari inayobaki kwa mtoto wa umbali huo inakaribia ile ya mtoto wa jirani yeyote.

Nadhani wewe unafikiria selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu ndiyo tunayoijua huku Kanda ya Ziwa. Miaka yote niliyokaa kliniki ya mama na mtoto niliwaeleza wazazi hesabu hiyo: ni kinasaba kimoja, baba na mama wote wakiwa wamekibeba, basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Magonjwa ya akili hayaendi hivyo. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya makumi ya maelfu ya wagonjwa wa skizofrenia, zikapatikana sehemu 287 zinazohusika, na kila moja peke yake inaongeza hatari kidogo sana. Vipande hivyo tumevibeba sote, huyu vingi, yule vichache. Hakuna unachoweza kukishika ukasema hiki nimekitoa kwa mama Shija nikampa mwanangu.

Pili, kutotulia na kukosa umakini ni jambo jingine, nalo kweli linarithiwa sana. Tafiti za mapacha zinasema asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika hali hii hutokana na vinasaba. Naomba uisome vizuri hiyo, maana hata wasomi huikosea. Haisemi kwamba robo tatu ya tabia ya mwanao imeshaandikwa. Inazungumzia tofauti kati ya watoto, tena katika mazingira yaleyale waliyopimiwa. Kijiji ambacho watoto wote wanalala njaa, tofauti zao zitaonekana ni za damu tu, ilhali njaa inawaumiza wote.

Na hiyo damu ina pande mbili. Wiki ya harusi yako mama mkwe wako mwenyewe alitusimulia, huku akifurahi, jinsi mumeo alivyokuwa akiruka dirisha la darasa na jinsi alivyobadilishwa shule mara tatu. Leo ni baba mwema na mchapakazi. Usimrudishie mama yule maneno haya kwa hasira, mwanangu. Nakuambia ili wewe uyajue.

Kumtupia mama lawama si jambo jipya. Marekani, miaka ya 1950 na 1960, kulikuwa na madaktari waliosema mtoto hupata usonji kwa sababu mama yake ni baridi, hampendi. Akina mama walikwenda na aibu hiyo mpaka kaburini. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, huko London, walichapisha habari za jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za wanaofanana kabisa, nne wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi kumi za wasiofanana, hakuna hata moja. Jozi ni chache, lakini zilitosha kufungua macho: ubaridi wa mama haukuwa chanzo. Wale walilaumiwa kwa malezi, wewe unalaumiwa kwa damu.

Yaliyo mikononi mwetu ni haya, na hapa naongea kama muuguzi.

Mumeo ana hisa kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Zebaki wanayokamatia dhahabu ikichomwa hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo huumiza ubongo, wa mtoto zaidi kuliko wa mkubwa. Sisemi ndio uliomfanya mjukuu wangu asitulie. Nasema isichomwe uani kwenu hata mara moja, chupa yake isilale ndani, na nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na za mtoto. Na kama una mimba, usikanyage huko kabisa.

Halafu mpime kichocho, minyoo na damu. Likizo zote alizokuja kwangu alishinda majini, na mimi sikumkataza. Hilo ni kosa langu. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka, na uchovu wa mtoto mara nyingi huonekana kama ukorofi. Mpime masikio na macho. Angalia analala saa ngapi. Usiniambie saa nne usiku na televisheni inawaka.

Mwombe mwalimu amkalishe mbele, ampe kazi fupi fupi, amtume kubeba madaftari pale mwili unapotaka kutembea. Na asichapwe. Nimeona watoto wa namna hii wakichapwa kila siku kwa jambo wasiloweza kulizuia, na wakifika miaka 12 hawatulii vilevile, ila sasa wana chuki na uongo juu yake. Hapo ndipo mazingira yanapofanya kazi yake mbaya: mtoto anazaliwa na hali fulani, hali hiyo inawachosha wakubwa, wakubwa wanampiga, na kipigo kinazaa tatizo la pili. Mkifika nyumbani msifu anapomaliza jambo, hata kama ni kuvua viatu na kuviweka mahali pake. Madaktari wa watoto wenye hali hii nao huanza kwa kuwafundisha wazazi; dawa zipo, na zikihitajika usiziogope, lakini hilo ni la daktari kuamua.

Nimebakiza moja. Siku ya harusi yako tulimwacha Kulwa nyumbani. Tuliwaambia wageni mguu unamsumbua. Alikuwa ameshanyoosha shati lake. Tulifikiri tunakulinda, kumbe tulimpa mama mkwe wako siri ya kukupigia. Tangu Mirembe mpaka leo, akipata sindano yake ya kila mwezi, Kulwa anaishi vizuri. Asubuhi anakaa chini ya mwembe anashona nyavu, na wavuvi huleta kwake zile zilizovurugika kabisa kwa sababu hakuna mwenye subira kama yake. Juzi ameniuliza mjukuu wake anakuja lini.

Njoo naye likizo ya Desemba. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, hakuna tena kungoja kivuko nusu siku. Nitakuwa nimeuliza hospitali ya Bugando siku za kliniki ya watoto wenye shida hizi, na tutakwenda wote watatu, na mumeo akipata nafasi awe wa nne. Beba madaftari yake yote, hata yaliyochanika. Daktari atataka kuyaona.

Mama yako,
Shija