Kabla ya kuhesabu wageni wa tovuti yako

Kila ninapoombwa kufunga mfumo wa takwimu kwenye tovuti ya mtu, namuuliza kwanza: ukishazipata hizo namba, utazifanyia nini? Wengi hujibu kwamba wanataka tu kujua wanaoingia ni wangapi. Jibu hilo halitoshi. Anayeuza bidhaa anahitaji kuona wateja wanakatia wapi safari kabla ya kulipa. Mwandishi anataka kujua makala ipi inasomwa hadi chini, na wasomaji wake wametokea wapi. Ukishakuwa na swali, kuchagua chombo ni kazi nyepesi.

Google Analytics ndiyo maarufu zaidi na haina malipo kwa tovuti za kawaida. Angalia tu mafunzo unayoyafuata ni ya lini. Toleo la zamani liliacha kupokea data mpya Julai 1, 2023, na maelekezo mengi yaliyobaki mtandaoni bado yanazungumzia menyu ambazo hazipo tena. Ukiona namba ya kutambulisha tovuti kwa Google inayoanza na UA, funga ukurasa huo. Ya sasa huanza na G. Matomo, mfumo mwingine wa takwimu, unaweza kuiweka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) yako mwenyewe, data ikabaki mikononi mwako. Wa tatu, Plausible, hautumii kuki (faili ndogo zinazowekwa kwenye kivinjari cha mgeni ili kumtambua), na ripoti yake yote inakaa kwenye ukurasa mmoja. Kwa blogu ndogo, mimi ningechagua hiyo.

Kufunga kwenyewe hakuchukui muda: unabandika msimbo unaopewa na mfumo kwenye sehemu ya kichwa (head) ya kila ukurasa, au unaweka programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye tovuti, ikufanyie. Usifanye vyote viwili, maana kila ukurasa utakaofunguliwa utahesabiwa mara mbili. Kisha fungua tovuti kwa simu yako, utazame ripoti ya papo hapo kama umeonekana. Ripoti nyingine za Google zinaweza kuchukua siku moja au mbili kujaa, kwa hiyo usihangaike ukizikuta tupu.

Siku hiyohiyo ingia kwenye mipangilio. Google Analytics huhifadhi data ya kina kwa miezi 2 tu usipoigusa, ilhali inaruhusu hadi 14. Ripoti za jumla haziathiriki, lakini ukitaka kuchimbua mwenendo wa wageni wa mwaka jana hutapata kitu. Iliyokwisha kufutwa hairudi. Zuia pia ziara zako mwenyewe kwa kuchuja anwani yako ya IP (namba inayokitambulisha kifaa au mtandao wako), na ukumbuke kwamba kichujio hicho huanza katika hali ya majaribio. Mpaka ukiwashe, hakizuii chochote.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuziwekea alama linki zako. Mtu akibofya linki uliyoituma WhatsApp, mara nyingi mfumo haujui ametokea wapi, hivyo anatupwa kwenye kapu la waliokuja moja kwa moja. Kapu hilo likivimba, huwezi tena kujua ni juhudi yako ipi inayozaa matunda. Dawa yake ni kuongeza mwishoni mwa linki maneno kama utm_source=whatsapp&utm_medium=ujumbe, yakitanguliwa na alama ya kuuliza. Andika kwa herufi ndogo siku zote, kwa sababu Facebook na facebook zitahesabiwa kama vyanzo viwili tofauti. Na usiziweke alama hizi kwenye linki za ndani ya tovuti yako. Utavuruga kumbukumbu ya mahali mgeni alikotoka.

Namba utakazoziona zitapungukiwa na ukweli, kwa kuwa baadhi ya wageni wana vizuizi vya mifumo ya takwimu kwenye vivinjari vyao. Wana haki hiyo. Tazama zaidi mwelekeo wa wiki hadi wiki kuliko idadi ya siku moja. Ukiwa na wasomaji walioko Umoja wa Ulaya, sheria za huko zinataka uwaombe ridhaa kabla ya kuwawekea kuki za takwimu, na kitufe cha kukataa kionekane wazi kama cha kukubali.

Halafu kuna fomu. Nyingine, zikishatumwa, hubandika barua pepe au jina la mtu kwenye anwani ya ukurasa unaofuata, na mfumo wa takwimu unaweza kuibeba anwani hiyo yote kama ilivyo. Google inakataza kutumiwa taarifa za aina hiyo, na hata isingekataza, mgeni wako hakukupa barua pepe yake ili uisambaze. Jaza kila fomu mwenyewe huku ukitazama mstari wa anwani juu ya kivinjari. Ukiona barua pepe yako pale, zima mfumo mpaka fomu irekebishwe.