Jibu: Yule Huggy Bear alitokea wapi?
Mkuu, umeuliza kama Huggy Bear, yule mtoa taarifa wa polisi kwenye tamthilia ya Marekani ya Starsky and Hutch, mwigizaji wake aliibukia kwenye runinga. Hapana. Mwigizaji huyo, Antonio Fargas, mzaliwa wa New York, 1946, alikuwa ameshasota sana kwenye filamu za Weusi wa Marekani. Anza na Foxy Brown ya 1974: anaigiza kaka wa Foxy, mhusika mkuu anayechezwa na Pam Grier, na anamuuza mpenzi wa dada yake kwa wauza unga kisa deni. Utamchukia, lakini macho hayambanduki. Cleopatra Jones na Across 110th Street pia yumo. Halafu 1988, kwenye I'm Gonna Git You Sucka, akajitania mwenyewe: katinga raizoni zenye samaki hai ndani ya soli! Hapo nilicheka hadi machozi.